Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusoma takwimu za ajira za kila mwezi wakati uchumi unainuka polepole

Maswali haya huulizwa sana na watu wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: vijana waliomaliza vyuo vya Mbeya na Iringa na bado wako mtaani, wenye viwanda vya mbao Mafinga, wafanyabiashara wa Mwanjelwa, na watangazaji wa redio wanaokabidhiwa taarifa ya kusoma dakika tano kabla ya habari. Mifano ya takwimu za mwezi kwa mwezi imetoka zaidi Marekani, hasa kati ya mwaka 2009 na 2014, kwa sababu uchumi wa kule ulianguka ghafla, ukainuka kwa kusuasua, na kila hatua ikaandikwa. Mifano ya maisha ni ya hapa.

Tanzania inatoa takwimu za ajira kila mwezi?

Hapana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, lakini hali ya ajira kwa watu wote hupimwa na Utafiti wa Nguvukazi, ambao ulifanyika mwaka 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Katikati upo utafiti wa ajira na mapato wa sekta rasmi, ila huo huwauliza waajiri wenye ofisi na vitabu vya mishahara. Mama lishe wa soko la Sido na mbeba mizigo wa Tunduma hawamo.

Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba "takwimu za ajira za mwezi uliopita zimetoka", karibu kila mara ni za Marekani. Hutolewa kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, au saa kumi na nusu jioni wakati kule saa zimerudishwa nyuma. Afrika Kusini, ambako vijana wengi wa huku huenda kutafuta maisha, hutoa zake kila baada ya miezi mitatu.

Sasa mimi wa Mbeya zinanihusu nini?

Zinakuhusu kwa njia ya dola. Benki kuu ya Marekani huziangalia takwimu za ajira inapoamua kupandisha au kushusha riba. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023 ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5, fedha zikakimbilia dola, na hapa nyumbani waagizaji wa bidhaa walihangaika kuipata. Mkulima wa kahawa Mbozi ambaye zao lake linauzwa kwa dola huona upande mmoja wa jambo hili. Mkulima wa viazi anayenunua mbolea iliyoagizwa kwa dola na kusafirisha magunia kwa dizeli iliyoagizwa kwa dola huona upande wa pili.

Sababu nyingine naiona kubwa zaidi. Ukijifunza kuisoma taarifa ya ajira ya nchi inayohesabu kila mwezi, hutadanganyika na namba yoyote ya ajira utakayoletewa hapa, iwe ya mradi, ya halmashauri au ya mgombea.

Nani hasa anahesabiwa kuwa hana ajira?

Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu hana ajira ikiwa mambo matatu yanatimia kwa pamoja: katika wiki inayoulizwa hakufanya kazi ya malipo au faida hata kwa saa moja, yuko tayari kuanza kazi, na amekuwa akiitafuta. Likikosekana moja kati ya hayo, hahesabiwi.

Mchukue kijana wa stendi ya Kabwe asiye na bajaji yake. Jumatatu rafiki yake alikuwa na udhuru, akampa deiwaka, yaani amwendeshee kwa muda wa saa tatu tu. Baada ya kutoa hesabu ya tajiri na mafuta, akabaki na hela ya chakula. Jumanne hadi Jumapili alikaa kijiweni. Mdadisi akifika na kumuuliza habari za siku saba zilizopita, kijana huyo ana ajira.

Mchukue na dada mwenye shahada anayeishi kwa shangazi yake Ilomba. Alituma maombi mwaka mzima, akasafiri hadi Dodoma kwa usaili kwa nauli ya kukopa, mwisho akakata tamaa. Mwezi huu hajatuma barua hata moja. Kwa kipimo hicho, dada huyu hayumo katika wasio na ajira. Yuko nje kabisa ya nguvukazi, yaani walio kazini pamoja na wanaotafuta kazi, kundi moja na mwanafunzi na mzee aliyestaafu.

Tanzania ina pia tafsiri yake ya kitaifa iliyo pana zaidi, inayowaingiza wale walio tayari kufanya kazi ingawa hawakuitafuta, pamoja na baadhi ya wale ambao kazi yao ni ya kubahatisha. Marekani nayo huchapisha kipimo kipana pembeni ya kile kinachotangazwa. Mwishoni mwa mwaka 2009, kile cha kawaida kilipokuwa kama asilimia 10, kile kipana kilikuwa takriban asilimia 17. Namba zote mbili zilikuwa sahihi, kila moja ikijibu swali lake. Kabla ya kubishana juu ya namba, ulizeni kwanza mnatumia kipimo kipi.

Na kwa mkoa wa wakulima lipo jambo jingine. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani waliamua kwamba ajira ni kazi ya malipo au faida. Anayelima mahindi ya kula nyumbani anafanya kazi, na tena kazi ngumu, lakini kwa kipimo hicho kipya haiitwi ajira. Tafiti za zamani zilimhesabu kuwa yuko kazini. Ukilinganisha miaka ya nyuma na ya sasa bila kuangalia hilo, utaona mabadiliko ambayo hayakutokea shambani.

Kiwango cha ukosefu wa ajira kimeshuka. Si habari njema hiyo?

Inaweza kuwa njema, inaweza kuwa mbaya. Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu alielewe, kwa sababu uchumi unapoinuka polepole ndipo kiwango hiki kinapopotosha zaidi.

Chukua kijiji cha mfano chenye watu 100 wenye umri wa kufanya kazi. Watu 54 wana kazi, 6 wanatafuta, 40 wako nje ya nguvukazi. Kiwango cha ukosefu wa ajira hakigawanywi kwa watu wote 100. Hugawanywa kwa nguvukazi, yaani 54 na 6, ambao ni 60. Sita kwa sitini ni asilimia 10.

Mwezi unaofuata wawili kati ya wale sita wanakata tamaa na kuacha kutafuta. Sasa wanaotafuta ni 4 na nguvukazi ni 58. Nne kwa hamsini na nane ni asilimia 6.9. Kiwango kimeporomoka kutoka 10 hadi chini ya 7, gazeti litaandika kwa herufi kubwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyepata kazi. Waliokuwa kazini ni 54, na bado ni 54.

Jambo hili limetokea kweli. Taarifa ya Marekani ya Desemba 2013, iliyotoka Januari 2014, ilionyesha ajira 74,000 tu zimeongezeka, idadi ndogo mno kwa nchi ile. Lakini kiwango cha ukosefu wa ajira kilishuka kutoka asilimia 7.0 hadi 6.7. Sababu kubwa ni kwamba nguvukazi yenyewe ilipungua kwa watu takriban 347,000.

Dawa yake ni kuangalia namba ya pili: katika kila watu wazima 100, wangapi wako kazini. Marekani kabla ya mtikisiko wa 2008 walikuwa kama 63. Baada ya anguko wakawa kati ya 58 na 59, na wakakwama hapo kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi 2013, miaka yote ambayo kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa kikishuka na kushangiliwa. Sehemu ya jambo hilo ilitokana na wazee waliofikia umri wa kustaafu, hilo ni kweli. Lakini si lote.

Geuza upande wa pili pia. Uchumi ukianza kuchangamka, yule dada wa Ilomba anasikia kuna nafasi, anarudi kutuma maombi. Siku anayorudi kutafuta anaingia kwenye hesabu ya wasio na ajira, na kiwango kinapanda. Kupanda kwa namna hiyo ni dalili ya matumaini. Mwanasiasa wa upinzani atakitumia kupiga kelele, na mtu wa serikali atatamani kukificha, na wote wawili watakuwa hawajaisoma taarifa.

Ajira 200,000 kwa mwezi ni nyingi au kidogo?

Haiwezekani kujibu bila kujua mambo mawili: shimo lina kina gani, na kila mwezi wanaingia watu wapya wangapi.

Kati ya mwanzo wa mwaka 2008 na Februari 2010, Marekani ilipoteza takriban ajira milioni 8.7. Wakati huohuo idadi ya watu haikusimama. Wachumi wengi walikadiria kuwa kule zinahitajika kama ajira 100,000 au zaidi kidogo kila mwezi ili tu kuwapokea wanaoingia sokoni. Kwa hiyo ajira 200,000 zikipatikana, nusu inawapokea wageni na ni nusu tu inayofukia shimo. Piga hesabu: milioni 8.7 kwa 100,000 ni miezi 87, zaidi ya miaka saba. Ajira 90,000 kwa mwezi, ambazo kichwa cha habari kitasema "zimeongezeka", maana yake ni kwamba shimo linazidi kuchimbika.

Ilichukua hadi mwaka 2014 kwa Marekani kurudi kwenye idadi ya ajira iliyokuwa nayo kabla ya anguko. Na hiyo ni idadi tu, bila kuwahesabu watu walioongezeka katika miaka hiyo sita.

Kwetu hesabu ni kali zaidi, kwa sababu watu wetu ni vijana. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na sehemu kubwa bado hawajafikisha umri wa kufanya kazi. Uchumi wa nchi ulikuwa unakua kwa karibu asilimia 7 kabla ya Korona, ukashuka hadi chini ya asilimia 5 mwaka 2020, kisha ukapanda taratibu hadi kama asilimia 5.5 mwaka 2024. Haukuanguka. Lakini kwa nchi yenye vijana wengi hivi, kupunguza mwendo peke yake kunatosha kuwaacha wengi kijiweni.

Kwa nini wanabadilisha namba baada ya kuzitangaza? Si ni uongo huo?

Si uongo. Nalitetea jambo hili kwa moyo wote, kwa sababu ofisi inayosahihisha hadharani ndiyo ya kuaminiwa.

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani huwauliza waajiri zaidi ya 100,000 idadi ya waliokuwa kwenye orodha ya mishahara katika kipindi chenye tarehe 12 ya mwezi. Wengine hujibu haraka, wengine huchelewa. Namba ya kwanza hutolewa kwa majibu yaliyofika, kisha husahihishwa mara mbili katika miezi miwili inayofuata, halafu mara moja kwa mwaka hulinganishwa na kumbukumbu za bima ya ukosefu wa kazi, ambazo karibu kila mwajiri lazima aziwasilishe.

Agosti 2011 namba ya kwanza ilikuwa sifuri. Hakuna ajira hata moja iliyoongezeka, na hofu ikatanda kwamba uchumi unaanguka tena. Lakini katika mwezi huo wafanyakazi kama 45,000 wa kampuni moja ya simu walikuwa kwenye mgomo, na mgomaji asiyelipwa hahesabiwi kwenye orodha ya mishahara. Mwezi uliofuata sifuri ikawa 57,000, kisha ikawa 104,000. Waliouza hisa zao Ijumaa ile kwa woga waliuza kwa namba ambayo baada ya miezi miwili haikuwepo tena.

Marekebisho huweza kwenda chini pia. Hesabu ya Machi 2009 ilipolinganishwa na kumbukumbu za bima, ilionekana ajira zilikuwa pungufu kwa takriban 900,000. Uchumi unapogeuka, namba za kwanza hukosea zaidi, maana biashara zilizofungwa hazijibu dodoso, na zilizofunguliwa juzi bado hazijulikani.

Agosti 2025 Rais Donald Trump alimwachisha kazi mkuu wa ofisi hiyo, Erika McEntarfer, siku ileile taarifa ilipotoka ikiwa imezishusha namba za Mei na Juni kwa jumla ya ajira 258,000. Nadhani kilikuwa kitendo cha hatari. Mtakwimu akijua kwamba kusahihisha ni kosa la kufukuzwa kazi, hatasahihisha, na sisi wasomaji wa mbali hatutakuwa na pa kushika.

Na ile tofauti ndogo ya mwezi hadi mwezi?

Ipuuze. Taarifa hizi ni za sampuli, na kila sampuli ina kosa lake. Kwa Marekani, badiliko la ajira la mwezi mmoja linaweza kuwa juu au chini ya namba iliyotangazwa kwa 100,000 na zaidi. Kiwango cha ukosefu wa ajira, kinachotokana na kaya kama 60,000, kikitoka 9.1 kwenda 9.0 huwezi kuapa kwamba kimeshuka. Chukua wastani wa miezi mitatu, ikiwezekana sita.

"Kurekebishwa kwa msimu" maana yake nini?

Mtu wa Nyanda za Juu Kusini analielewa hili kuliko mtu wa New York, ila hajaambiwa kuwa analielewa.

Fikiria mwaka wetu. Mvua zinaanza Novemba, na Desemba na Januari kila mwenye jembe anatafutwa. Wakati huohuo mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yanachanua majani, wachumaji wanahitajika kwa wingi. Kuanzia Mei mahindi yanavunwa, mpunga wa Kyela na Usangu unavunwa, kahawa ya Mbozi inaiva, malori yanapishana Igawa. Agosti maonyesho ya Nane Nane pale Uyole yanaajiri wajenzi wa mabanda, walinzi, wapishi. Kisha inakuja Septemba na Oktoba: ardhi kavu, vumbi, na vibarua wa mashambani wanashuka mjini kubeba zege.

Sasa mtu akikuambia ajira za vibarua Mbozi ziliongezeka mno kati ya Aprili na Juni, hajakuambia lolote kuhusu uchumi. Amekuambia kahawa imeiva. Swali la maana ni kama Juni hii imeajiri wengi kuliko Juni zilizotangulia. Marekebisho ya msimu hufanya hivyo kwa hesabu: huondoa kile kinachojirudia kila mwaka ili kibaki kile ambacho ni kipya. Marekani kila Januari hupoteza zaidi ya ajira milioni 2 katika hesabu ghafi, kwa sababu maduka huwaachia wauzaji wa Krismasi na ujenzi husimama kwa baridi. Hiyo ndiyo sababu unaweza kusikia "ajira zimeongezeka Januari" katika mwezi ambao mamilioni wameacha kazi. Zimepungua, ila kwa kiasi kidogo kuliko ilivyozoeleka.

Udhaifu wake ni kwamba hesabu hizi hutegemea miaka iliyopita kufanana na huu. Mvua zikichelewa wiki nne, msimu unahama na marekebisho yanapotosha. Kwa takwimu zozote za huku, mimi ningelinganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka jana, na ningeuliza mvua zilikujaje.

Kuna ajira za muda zinazovuruga hesabu?

Zipo, na sensa ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Mei 2010 Marekani ilitangaza ajira 431,000 kwa mwezi mmoja. Lakini 411,000 kati yake walikuwa watu wa sensa, na sekta binafsi ilikuwa imeajiri 41,000 tu, huku sehemu nyingine za serikali zikipunguza. Baada ya wiki chache makarani wale walirudi nyumbani na miezi iliyofuata ikaonyesha ajira "zimepotea".

Sisi tulikuwa na ya kwetu tarehe 23 Agosti 2022. Karani alipewa mafunzo, kishikwambi na posho, akazunguka nyumba kwa nyumba, kazi ikaisha. Ilikuwa kazi halali na yenye faida. Ila mtu angepima ajira za vijana mwezi ule angeona neema ambayo Oktoba haikuwepo.

Kati ya dalili zote, ipi hutangulia?

Saa za kazi. Mwenye kiwanda akianza kupata oda haajiri siku hiyohiyo, kwa sababu hajui kama oda zitaendelea. Nenda Mafinga uangalie kiwanda cha mbao. Kwanza waliopo wanaongezewa saa, msumeno unaanza mapema na kuzimwa jioni zaidi. Oda zikiendelea, asubuhi getini msimamizi anawaita vibarua wa kutwa, leo wanne, kesho kumi. Vibarua wanabeba magogo, wanapanga mbao juani zikauke, jioni wanalipwa mkononi. Ikipita miezi ya namna hiyo ndipo mmoja au wawili wanapewa mkataba na kuandikishwa mfuko wa hifadhi ya jamii. Wakati wa kushuka mambo huenda hivyohivyo: saa kwanza, vibarua baadaye, mikataba mwisho.

Kwenye taarifa ya Marekani tafuta vivyo hivyo: wastani wa saa za kazi kwa wiki, idadi ya wafanyakazi wa muda wanaoletwa na mawakala, na idadi ya wanaofanya kazi nusu siku kwa sababu hawakupata ya siku nzima. Kundi hilo la mwisho likipungua wakati idadi ya walio kazini inaongezeka, hapo mimi huamini kwamba kuinuka ni kwa kweli.

Kwa nini takwimu zinasema ukosefu wa ajira Tanzania ni asilimia kama 9, wakati mtaani hali si hiyo?

Utafiti wa 2020/21 uliweka kiwango hicho karibu na asilimia 9. Afrika Kusini robo ya mwisho ya 2021 ilitangaza asilimia 35.3, na kwa kipimo kipana asilimia 46.2. Hakuna anayeamini kwamba Mtanzania wa kawaida ana hali nzuri mara nne kuliko wa Afrika Kusini. Vijana wetu wanavuka Tunduma kwenda kule, si kinyume chake.

Maelezo yake ni machungu lakini ni rahisi. Kukaa bila kazi huku ukitafuta kunahitaji mtu wa kukulisha. Kule kuna ruzuku za serikali, na biashara ndogondogo ni chache kuliko kwetu. Hapa zaidi ya nusu ya walio kazini wako kwenye kilimo, na anayekosa mshahara anageukia kuuza mahindi ya kuchoma, kushika jembe la mjomba, kupanga nyanya nne nne juu ya mfuko pale Ilula barabarani. Katika kipimo, wote hao wana ajira.

Ndiyo maana naona tunapoteza nguvu tukibishania asilimia 9. Swali letu ni saa ngapi mtu amefanya kazi, amepata kiasi gani, na kipato hicho kimenunua nini. Utafiti wa Nguvukazi unayo majedwali ya ajira isiyotosheleza, yaani watu wanaofanya saa chache na wako tayari kuongeza. Hayo majedwali husomwa na wachache mno. Uchumi ukiyumba hapa kwetu, ajira hazipotei kwa kishindo kama Marekani. Zinagawanyika vipande vidogo: bajaji moja madereva watatu, meza moja ya mitumba ndugu wawili, siku tano za kibarua zinakuwa mbili.

Mradi umetangaza "umetengeneza ajira 5,000". Niamini?

Uliza tatu: za muda gani, ngapi zimebaki leo, na waliohamia hapo walitoka kazi gani. Ajira zilizotolewa ni jambo moja, na ajira zilizoongezeka ni jambo jingine. Hata Marekani ya miaka ile ya kusuasua, mamilioni ya watu waliajiriwa kila mwezi na karibu mamilioni hayohayo wakaacha au kuachishwa. Namba inayotangazwa ni tofauti yao.

Naweza kupata kiwango cha Mbeya peke yake, au cha wilaya yangu?

Cha mkoa, kwa tahadhari. Cha wilaya, hapana. Kadiri unavyoikata sampuli ndivyo kaya zinavyobaki chache na kosa linavyokuwa kubwa, mpaka unaweza kuona wilaya moja imeizidi jirani yake kwa sababu ya kaya kumi tu zilizochaguliwa.

Basi mtu wa huku afuatilie nini kila mwezi?

Benki Kuu ya Tanzania hutoa tathmini ya uchumi ya kila mwezi, na hutoa pia taarifa za kanda, ikiwemo ya Nyanda za Juu Kusini. Humo utapata mikopo kwa sekta binafsi, bei za mazao na mwenendo wa uzalishaji. Tangu Januari 2024 benki hiyo hutangaza riba yake ya sera, yaani ile inayoongoza riba nyingine. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Riba hiyo huchelewa kumfikia mwenye kiwanda, lakini humfikia.

Pembeni ya hayo, weka daftari lako. Ningeandika malipo ya kibarua wa kutwa katika eneo moja lilelile, tarehe ileile kila mwezi, na kando yake bei ya debe la mahindi siku hiyo. Malipo yakisimama na debe likipanda, ajira ipo lakini imepungua thamani. Ningeandika pia idadi ya vibarua waliofika getini wakarudi bila kuitwa, kwa kuwa hao hakuna taarifa ya kitaifa itakayowaona kwa wakati. Mtu mmoja na daftari hawezi kusema habari za mkoa, na asijaribu. Lakini watu ishirini, kila mmoja na eneo lake, kwa miaka miwili, wataweza kusema jambo kuhusu misimu na mwelekeo ambalo kwa sasa hakuna anayeweza kulisema.

Mimi ni mtangazaji. Niisomeje taarifa ya mwezi kwa dakika moja bila kupotosha?

Usianze na kiwango. Anza na idadi ya ajira na ulinganishe na wastani wa miezi iliyotangulia, kisha kiwango pamoja na sababu ya kupanda au kushuka kwake, kisha waambie wasikilizaji kama namba ni ya awali. Ile taarifa ya Desemba 2013 wengi wangeisoma hivi: "Ukosefu wa ajira Marekani washuka hadi asilimia 6.7." Ingefaa isomwe hivi: "Marekani imeongeza ajira 74,000 mwezi Desemba, pungufu sana kuliko wastani wa miezi iliyotangulia. Kiwango cha ukosefu wa ajira kimeshuka kutoka asilimia 7.0 hadi 6.7, lakini sababu kubwa ni watu waliotoka kwenye nguvukazi. Hesabu hii ya ajira ni ya awali, na itapitiwa tena Februari na Machi." Ukiisoma kwa mwendo wa kawaida haichukui hata nusu dakika, na nafasi ya kutaja bei ya mahindi ya leo Mwanjelwa bado ipo.